Mkopo wa Mtandaoni: Je, Unafungua Mlango wa Benki au Unaufunga?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii sote tunaijua tangu shule ya msingi, na walimu wetu hawachoki kutupa tuiandikie insha. Lakini wahenga hao hawakuiona simu ya mkononi. Zama zao, mtu aliyetaka kukopa alimwendea jirani, mjomba au mwenye duka, na kijiji kizima kilijua nani hulipa na nani hubadilisha njia akimwona mdai wake kwa mbali. Siku hizi mtu hukopa akiwa ameketi ndani ya matatu, na kabla hajafika kituoni pesa zimeingia. Hakuna jirani aliyejua. Basi wengi hudhani kwamba kwa vile jirani hakujua, hakuna aliyejua. La hasha! Kuna mahali habari hizo huandikwa, na benki huzisoma.

Katika makala haya nataka tueleweshane jambo moja tu. Mikopo ya kwenye intaneti, na hasa ile ambayo watu wa kawaida hukopeshana wao kwa wao, humfanyia nini mtu ambaye kesho atahitaji mkopo wa benki? Humfungulia mlango au humfungia? Usiseme ati mambo haya ni ya watu wazima. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana miaka kumi na sita au kumi na saba. Mwaka mmoja au miwili ijayo atachukua kitambulisho, atasajili laini kwa jina lake mwenyewe, na kuanzia siku hiyo ataanza kuitwa "mteja mpendwa". Heri ajue mapema anapendewa nini.

BENKI HAIKUJUI

Hebu tuanze na benki yenyewe. Pesa ambazo benki hukopesha si za meneja. Ni za watu walioweka akiba: mwalimu, mkulima wa majani chai, mwenye matatu. Wenyewe wakizitaka, lazima wazipate. Ndiyo maana mtu akiingia benki kutaka mkopo huulizwa maswali kama mshukiwa aliyefikishwa kituo cha polisi. Unafanya kazi wapi? Hati ya mshahara iko wapi? Una shamba lenye hati? Una gari? Nani atakudhamini?

Maswali yote hayo yana shabaha moja, nayo ni kujua kama utalipa. Mwenye duka mtaani hahitaji kuuliza, kwani anakujua wewe, anamjua mama yako, na anajua pia kwamba mwezi uliopita ulilipa mkate na maziwa bila kusukumwa. Benki haina habari hizo. Kwa hivyo hutafuta vitu viwili: mali inayoweza kuuzwa ukishindwa, au kumbukumbu inayoonyesha ulivyolipa madeni ya zamani. Fundi wa jua kali, mama mboga na mwendesha bodaboda kwa kawaida hawana mali hiyo wala kumbukumbu hiyo. Si kwamba hawalipi. Ni kwamba hakuna palipoandikwa kuwa wanalipa.

Kuna jambo la pili. Kazi ya kukagua mkopo wa shilingi 10,000 inakaribia kuwa sawa na ya kukagua mkopo wa shilingi milioni moja. Karani ni yule yule na fomu ni zile zile. Lakini faida ya mkopo mdogo ni ndogo sana. Basi benki nyingi ziliona afadhali kuwaacha wakopaji wadogo wajitafutie kwingine. Na kweli wamejitafutia.

WATU KUKOPESHANA WAO KWA WAO

Mwaka wa 2005 kampuni moja iitwayo Zopa ilianza kazi huko London, Uingereza. Wazo lake lilikuwa rahisi: kwa nini mtu mwenye akiba na mtu mwenye shida wasikutane moja kwa moja kwenye intaneti, badala ya kila mmoja kwenda benki kivyake? Mwaka wa 2006 kampuni ya Prosper ikaanza vivyo hivyo Marekani, na mwaka wa 2007 ikafuata LendingClub. Husimuliwa kwamba mwanzilishi mmoja wa LendingClub, Renaud Laplanche, alipata wazo hilo alipotazama barua za benki. Deni la kadi yake ya mkopo lilitozwa riba ya asilimia 17 hivi, ilhali akiba yake katika benki ilipata chini ya asilimia 1. Akajiuliza, hiyo tofauti yote inakwenda wapi?

Mpango wenyewe ulikwenda hivi. Mkopaji anaandika kwenye tovuti ya kampuni kiasi anachotaka na sababu yake. Kampuni inamkagua na kumpangia riba. Kisha watu wenye pesa wanachangia mkopo huo kidogo kidogo. Kule LendingClub mtu aliweza kuweka dola 25 tu katika mkopo mmoja. Kwa hivyo mkopo wa dola 10,000 ungeweza kutoka mifukoni mwa watu 400 wasiojuana. Mkopaji alilipa kila mwezi kwa miezi 36 au 60, na kila mchangiaji akapata sehemu yake pamoja na riba. Kampuni nayo ilikata ada yake.

Msomaji atasema, kwani hicho si chama tu? Mama zetu wana vyama vya kuzungushiana pesa tangu jadi. Naam, vinafanana, ila pana tofauti moja kubwa. Katika chama watu wanajuana, na mtu akikosa kuleta mchango wake atamkuta mwenyekiti mlangoni. Kwenye intaneti watu 400 hawamjui mkopaji hata kwa sura. Basi watamwaminije?

Hapo ndipo penye kiini cha mada yetu. Watu wengi walidhani kwamba mikopo hii imewakimbia mabenki kabisa. Kumbe iliegemea kitabu kile kile cha mabenki. Marekani kila mtu mwenye historia ya kukopa ana alama, kama sisi tunavyopata alama za mtihani. Alama zinazotumika zaidi huitwa FICO, nazo huanzia 300 hadi 850. LendingClub ilimtaka mkopaji awe na alama 660 au zaidi. Na mtu akishapewa mkopo, malipo yake, mazuri na mabaya, yaliripotiwa kwenye mashirika yanayoweka kumbukumbu za madeni. Kwa maneno mengine, deni la mtu kwa mtu halikubaki siri ya mtu na mtu. Liliandikwa, na benki ikalisoma.

Hata hapa Afrika Mashariki mbegu ya mpango huu ilipandwa mapema. Mwaka huo huo wa 2005, shirika la Kiva la Marekani lilianza kwa kuwakopesha watu saba wenye biashara ndogo mjini Tororo, Uganda, si mbali na mpaka wetu wa Malaba. Pesa zilitoka kwa watu wa kawaida kupitia intaneti. Tofauti ni kwamba wakopeshaji wa Kiva hawapati riba, wanarudishiwa pesa zao tu.

MLANGO UNAPOFUNGUKA

Sasa tuone jinsi mkopo wa namna hii unavyoweza kumsaidia mtu mbele ya benki. Tuseme bwana mmoja wa Chicago ana kadi ya mkopo. Benki imemruhusu kutumia hadi dola 10,000, naye tayari ametumia 9,000. Anatumia asilimia 90 ya ruhusa yake. Benki yoyote ikimtazama inaona mtu aliyefika ukingoni mwa shimo.

Bwana huyo anakwenda kwenye kampuni ya mikopo ya mtu kwa mtu, anakopa dola 9,000 na kulipa kadi yote. Siku ya pili kadi yake inasoma sufuri. Je, deni limepungua? Hata senti moja haijapungua. Limehama tu, kama mtu anayetoa mzigo bega la kulia na kuuweka la kushoto. Lakini alama zake zinapanda! Katika hesabu ya FICO, asilimia 35 ya alama hutokana na jinsi mtu alivyolipa madeni yake zamani, na asilimia 30 hutokana na kiasi anachodaiwa, hasa jinsi kadi zake zilivyojaa. Kadi tupu ni ishara nzuri. Tena mkopo mpya una mpango: kila mwezi kiasi kilekile, na mwisho wake unajulikana. Akilipa bila kukosa, kumbukumbu yake inanenepa.

Benki zikiona hivyo hulegeza mkono. Zinaona mtu huyu alikaguliwa na kampuni nyingine akapatikana anafaa, na kadi yake imeshuka. Basi humwongezea ruhusa ya kukopa, au humtumia barua ya kumkaribisha achukue kadi nyingine. Wachunguzi wa uchumi waliofuatilia wakopaji wa namna hii Marekani waliliona jambo hilo wazi. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba mikopo ya mtandaoni humwondoa mtu benki hawajapata ukweli wote. Mara nyingine humrudisha benki akiwa na heshima zaidi kuliko alivyotoka.

MLANGO UNAPOFUNGWA

Lakini mambo hayakwishia hapo, na hili ndilo tusilopenda kusikia. Wachunguzi hao walipoendelea kufuatilia kwa miezi kadhaa, waliona kwamba kwa wakopaji wengi kadi zilianza kujaa tena. Bwana wetu wa Chicago aliona kadi tupu akadhani ni mali mpya. Akanunua hiki na kile. Sasa ana deni la kampuni ya mtandaoni, ambalo bado halijaisha, na deni jipya la kadi juu yake. Mzigo uko mabega yote mawili. Akianza kukosa malipo, alama zinaporomoka hadi chini ya pale alipoanzia, na benki ile ile iliyomtumia barua ya tabasamu inafunga dirisha.

Kwa hivyo mkopo wenyewe si malaika wala si shetani. Huongeza tu kasi ya gari. Mwenye kujua njia atafika mapema, na asiyejua ataingia mtaroni mapema.

Nchini China yalitokea mengine. Kampuni za kukopeshana kwa intaneti zilianza huko mwaka wa 2007 na baadaye zikaota kama uyoga, zikawa maelfu. Nyingine zilikuwa za ulaghai mtupu. Iliyotajwa sana ni Ezubao, iliyoanguka mwishoni mwa 2015 baada ya kuchukua zaidi ya yuan bilioni 50 kutoka kwa watu 900,000 hivi. Serikali ilipoanza kukaza kanuni, baadhi ya wakopaji walifanya ujanja. Waliona kampuni iliyowakopesha inayumba, wakakataa kulipa, wakisema moyoni: ikianguka, deni nalo litakuwa limekufa. Hawakujua kwamba kampuni inaweza kufa na deni likabaki hai. Mwezi wa Septemba 2019 serikali iliagiza kampuni hizo ziunganishwe na mfumo wa taifa wa kumbukumbu za madeni, ili mkopaji aliyekwepa huku aonekane na benki kule, anyimwe mkopo au atozwe riba kubwa zaidi. Kufikia Novemba 2020 hapakuwa na kampuni hata moja ya aina hiyo iliyobaki ikifanya kazi China. Kampuni zilikwisha lakini majina ya wakwepaji yakabaki.

Na kule zilikoanzia? Zopa ilipata leseni kamili ya benki mwaka wa 2020, na mwishoni mwa 2021 ikafunga kabisa ule mpango wake wa mtu kwa mtu. LendingClub iliacha kuuza vile vipande vya mikopo kwa watu wa kawaida mwishoni mwa 2020, na mwanzoni mwa 2021 ikainunua benki. Prosper ndiyo iliyoendelea. Waliokuja kushindana na benki, wawili kati ya watatu wamekuwa benki wenyewe. Hili linatufunza kwamba hizi si dunia mbili, moja ya benki na nyingine ya mtandao. Ni dunia moja yenye milango miwili.

NA HAPA KWETU?

Hapa Kenya mkopo tunaoujua zaidi si wa mtu kwa mtu bali ni wa simu, ambao mkopeshaji wake ni benki au kampuni. Lakini njia yake ni hiyo hiyo: hakuna dhamana, hakuna karani, kompyuta ndiyo inayoamua, na kila unalofanya linaacha nyayo. M-Shwari ilianza Novemba 2012, ikiunganisha Safaricom na benki iliyoitwa Commercial Bank of Africa, ambayo sasa ni NCBA. Mwaka wa 2015 ikaja KCB M-Pesa, na Januari 2019 ikaja Fuliza. Kampuni kama Tala na Branch nazo ziliingia zikitumia programu za simu.

Mama mboga ambaye benki haikumjua sasa alijulikana. Jinsi anavyotumia M-Pesa na jinsi anavyonunua salio ndizo zilizokuwa hati yake ya mshahara. Hili ni jambo jema na si haki kulikana. Lakini bei yake je? M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukikopa shilingi 1,000 unarudisha 1,075. Shilingi 75 ni kitu gani, si nauli tu? Haya, chukua kalamu. Mtu akikopa 1,000 hiyo kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa amelipa ada ya shilingi 900, na bado anadaiwa ile 1,000. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka.

Tena kuna kisa cha sheria ya riba. Mwezi wa Septemba 2016 sheria ilianza kuzizuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, yaani asilimia 14 hivi kwa wakati huo. Wananchi walishangilia. Lakini benki ziliona kwamba kwa riba hiyo hazifaidiki kumkopesha mtu mdogo ambaye huenda asilipe, zikaona heri ziikopeshe serikali. Mlango wa benki ukawa mwembamba, na watu wakakimbilia simu. Sheria hiyo iliondolewa Novemba 2019. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema Wakenya wanapenda tu mikopo ya simu, mwambie kwamba wengine walisukumwa huko.

Sasa tufike kwa CRB, herufi tatu zinazowatia watu baridi. Hayo ni mashirika yanayoweka kumbukumbu za wakopaji. Kanuni zake za kwanza zilitolewa 2008, na shirika la kwanza likapata leseni 2010. Wengi husema "amewekwa CRB" kana kwamba ni jela. Ukweli ni kwamba kumbukumbu hizo zina mema na mabaya. Mtu anayelipa vizuri naye yumo, na hiyo ni sifa inayoweza kumfaa benki. Taabu ni kwamba deni dogo sana liliweza kumharibia mtu jina kama deni kubwa. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu ilikataza kupelekwa kwa majina ya watu wenye deni lililo chini ya shilingi 1,000. Pia ilizizuia kampuni za mikopo ya simu zisizosimamiwa kupeleka habari zozote CRB. Hatua hiyo iliwaokoa wengi, ila ilikuwa na upande wa pili: aliyekuwa akilipa vizuri kwa kampuni hizo naye sifa yake haikufika popote.

Baadaye sheria mpya ilipitishwa Desemba 2021 na kanuni zikatoka Machi 2022. Sasa kampuni ya mikopo ya simu lazima ipate leseni ya Benki Kuu. Hairuhusiwi kumtukana mkopaji, kumtisha, wala kuwapigia simu watu walio kwenye orodha yake ili kumwaibisha. Mwezi wa Septemba 2022 kampuni zilizokuwa na leseni zilikuwa 10 tu. Kufikia 2025 zilikuwa zimepita 100. Milango imeongezeka, na nyayo nazo zimeongezeka.

FUNDI NA MADAWATI ARUBAINI

Nitatoa mfano mmoja wa hapa mtaani kwetu ili mambo haya yasibaki ya vitabuni. Kuna fundi wa mbao ambaye kazi yake ni safi na bei yake ni nafuu. Aliahidiwa kazi ya kutengeneza madawati 40. Kwa mkono peke yake asingemaliza kwa muda aliopewa, kwa hiyo alitaka mashine ya kupiga randa. Akaenda benki kuomba shilingi 80,000. Alikuwa na kitabu cha hesabu zake, alikuwa na barua ya kazi, na alikuwa amevaa koti la Jumapili.

Aliambiwa jina lake lina doa la shilingi 2,300. Alishangaa kwani hakuwahi kukopa kwenye simu. Alipouliza uliza nyumbani aligundua kwamba ndugu yake mdogo, aliyekuwa akiazima simu yake jioni "kupiga simu kidogo", ndiye aliyekopa kwa laini hiyo na kufuta ujumbe. Fundi alilipa deni lote siku hiyo hiyo. Lakini kulipa ni siku moja na kusafisha jina ni siku nyingi, kwani rekodi ya deni lililochelewa yaweza kukaa hadi miaka mitano, ingawa huonyesha kwamba limelipwa. Benki ilimwambia arudi baadaye. Kazi ya madawati haikungoja, ikaenda kwa mwingine. Shilingi 2,300 zilikula kazi ambayo ingemlipia mashine na karo ya watoto wake kwa mwaka.

Namtaja fundi huyu kwa sababu yeye si mlevi wala si mvivu. Ni mtu wa maana aliyefungiwa mlango na nyayo zisizo zake.

TUFANYE NINI SISI?

Sitaki kumaliza kwa kusema "msikope". Hilo ni shauri la mtu asiyeishi Kenya. Karo inalipwa kwa mkopo, mbegu zinanunuliwa kwa mkopo, na wengi wetu tukijaliwa kwenda chuo kikuu tutategemea mkopo wa HELB. Huo nao usipolipwa hupelekwa CRB, kwa hivyo mwanafunzi anaweza kuanza maisha akiwa na shahada mkono mmoja na doa mkono mwingine. Badala yake naomba tushike mambo manne.

Kwanza, laini yako ni sahihi yako. Usimpe mtu neno la siri, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Nawe usikope kwa simu ya mama ukidhani hatajua. Yeye ndiye atakayeulizwa benki.

Pili, kabla ya kukopa piga hesabu ya mwaka, usipige ya mwezi. Shilingi 75 hucheka, lakini shilingi 900 hazicheki. Tena kopa kwa kitu kitakacholeta pesa za kulipia. Aliyekopa kununua nyanya za kuuza ana mahali pa kutoa malipo. Aliyekopa kuwekea mechi dau anategemea mguu wa mtu wa Uingereza asiyemjua.

Tatu, usilipe deni kwa deni halafu ukaona kadi tupu ukashangilia. Bwana wa Chicago alidhani amelipa, kumbe amehamisha. Ukihamisha deni ili upate riba nafuu ni vyema, mradi usifungue jingine mpaka lile liishe.

Nne, jua haki zako. Kila mtu anaruhusiwa kupata ripoti yake ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Mkopeshaji anapaswa kukuarifu kabla ya kupeleka jina lako, na ukiona kosa una haki ya kulipinga lirekebishwe. Fundi wetu angeitazama ripoti yake miezi mitatu kabla ya kwenda benki, angelijua doa mapema, angelipa, na pengine angepata lugha nyingine ya kuzungumza na meneja. Wazazi wetu wengi hawaijui haki hii. Sisi tunaosoma ndio tunaofaa kuwaambia jioni hii tukifika nyumbani, maana sisi ni wa shule ya kutwa na faida yake ni hiyo: tunalosoma mchana linaweza kufika mezani usiku.

Benki, kampuni ya London, kampuni ya simu na chama cha kina mama vyote vinauliza swali moja tu: huyu atalipa? Zamani jibu lilikuwa midomoni mwa majirani. Leo liko kwenye kompyuta, na tofauti ni kwamba jirani husahau na husamehe, lakini kompyuta haijui kusamehe mpaka muda wake utimie. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya jina ni kulitunza kabla halijachafuka.